Ea klina ya pikipiki: kuchagua, kusafisha na kuifunga isivuje

Wakuu habari za kazi. Leo naongelea ea klina, kile kichujio cha hewa kinachokaa ndani ya boksi chini ya kava la pembeni, ambacho madereva wengi wa boda wanakikumbuka siku chombo kimegoma mlimani na abiria ameshashuka anatembea kwa mguu. Nimeendesha miaka saba Kibaigwa, nabeba watu na magunia kutoka vijiji vya ndani kuja sokoni, siku hizi nashika spana zaidi kuliko usukani, kwahiyo haya ninayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu na kuna moja nililifanya vibaya likanigharimu, tutafika hapo.

Kwa asiyeijua Kibaigwa, ipo Kongwa mkoani Dodoma, kwenye lami ya kwenda Morogoro, na soko la mahindi ndio limeipa jina. Ukiiacha lami tu umeingia kwenye vumbi, mvua zikikata mwezi wa nne hapo ni vumbi mpaka Desemba, na kuanzia mwezi wa sita ndio mavuno, malori yanapishana, wewe uko nyuma ya fuso huoni hata taa zake za breki, na juu ya vumbi kuna makapi yanayopeperuka kutoka kwenye mashine za kupukuchulia. Vyote hivyo injini inavivuta.

Inavuta kiasi gani? Chukua injini ya 150, yaani ya ujazo wa cc 150. Kila ikizunguka mara mbili inavuta hewa kama nusu ya chupa ya soda, sasa ukiwa spidi ya injini ni mizunguko 5,000 kwa dakika ina maana inafanya hivyo mara 2,500 ndani ya dakika moja, piga hesabu mwenyewe, ni kama lita 300 na kitu za hewa kwa dakika ukiwa umeifungulia moto. Au tuseme kwa upande wa mafuta, lita moja ya petroli ili iungue vizuri inataka hewa lita kama elfu tisa, yaani karibu lile simtanki kubwa la lita elfu kumi lijae. Kila lita ya wese unayochoma, simtanki la hewa ya barabara ya vumbi limepita kwenye kile kisponji au kikaratasi unachokidharau.

Na vumbi letu ni mchanga uliosagika. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Ukiingia unachanganyika na oili kwenye ukuta wa silinda, hapo umepata msasa wa maji, ringi za pistoni zinapanda na kushuka zinasaga.

Sasa kitu nachotaka kila mtu akishike kabla sijaanza hatua zenyewe. Ea klina ina magonjwa mawili, kuziba na kuvuja, na madereva wengi wanaogopa kuziba kwa sababu kuziba kunapiga kelele, chombo kinakuwa kizito, kinakula mafuta, kinatoa moshi mweusi, unajua tu leo kuna shida. Kuvuja hakusemi kitu. Ea klina yenye tundu chombo kinachanganya vizuri tu, kinavuta vizuri, tena unaweza kukisifia kwamba kimekuwa chepesi, huku ndani kinaliwa, na siku utakayoona moshi wa bluu ujue bloku, ile yenye silinda, imeshaisha. Mtu anapuliza ea klina kila wiki mpaka inang'aa anadhani anaitunza kumbe kaitoboa. Kwahiyo kwenye kila hatua hapa chini jiulize kwanza hii itavuja au haitavuja, habari ya usafi iwe ya pili.

HATUA YA 1: JUA YA KWAKO NI YA AINA GANI

Usiniulize mimi wala usimuulize jamaa wa kijiweni, fungua uone. Hata pikipiki za jina moja zinatofautiana mwaka na mwaka.

Ya kwanza ni sponji. Pikipiki nyingi za Kichina zile za mtindo wa Honda CG125, SanLG, Fekon na ndugu zao, utakuta sponji limevishwa kwenye kifremu cha bati au plastiki chenye matundu. Sponji ni rafiki wa mtu wa vumbi, linaoshwa na kurudi kazini, ila lazima lilowe oili. Hapa watu wengi wanakosea. Sponji kavu ni sawa na kuchuja unga kwa wavu wa kuku, vitundu vyake ni vikubwa kuliko vumbi, kinachokamata vumbi ni ile oili yenye kunata ndani yake. Ukilirudisha kavu umefunga pambo.

Ya pili ni karatasi kavu, ile ya mikunjo mikunjo kama kinanda cha kuvuta, imezungushiwa mpira au plastiki. Hii haioshwi na haipakwi oili. Inakung'utwa, inapulizwa kwa adabu, inabadilishwa.

Ya tatu inafanana na hiyo ya pili ila karatasi yake imepakwa oili kiwandani, ukiigusa inanata kidogo na mara nyingi ina rangi, haina ule weupe mkavu. Hii usiioshe, usiipulize, usiifanye kitu chochote, ikichafuka ni kununua nyingine. Ukiipuliza unaondoa ile oili iliyokuwa inafanya kazi, unabaki na karatasi yenye mapengo.

Kuna ya nne, zile za kitambaa cha pamba za kufunga moja kwa moja kwenye kabreta (kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli) bila boksi, vijana wanazipenda maana zinatoa sauti ya kuvuta. Kwa kazi ya boda vumbini mimi nasema hapana, na sababu nitaieleza mwishoni huko.

HATUA YA 2: KUNUNUA

Nenda na ya zamani mkononi. Usiende dukani ukasema "nipe ea klina ya Boxer" au "ya TVS" ukaishia hapo, Boxer zipo za mia na za mia na hamsini, TVS hivyo hivyo, na muuzaji akiwa na haraka atakupa inayofanana. Zilaze pamoja mezani, pima urefu, upana na unene, hasa ile kingo ya mpira. Tofauti ya milimita mbili inatosha kabisa kuharibu injini, ea klina itaingia kwenye boksi, kava litafunga, kila kitu kitaonekana sawa, na pembeni kuna njia ya hewa.

Ukishaishika fanya haya palepale dukani, muuzaji akinuna mwache anune.

Washa tochi ya simu, iweke upande wa ndani wa ea klina, angalia kwa nje. Karatasi nzuri mwanga unapita umefifia, sawasawa kote, kama taa ya nyuma ya pazia. Ukiona nukta inayokuchoma macho hilo ni tundu. Zungusha taratibu, angalia sana pale karatasi inapokutana na gundi, kwenye kona na kwenye mshono ambapo mwanzo na mwisho wa karatasi vinaungana, feki nyingi zinafia hapo.

Bonyeza mpira wa kingo kwa ukucha. Unatakiwa uzame kidogo halafu urudi. Ukibaki na alama au ukiwa mgumu kama soli ya kandambili, achana nao, mpira mgumu hauzibi boksi.

Halafu hesabu mikunjo. Kweli, hesabu. Feki wanapunguza karatasi ili wapunguze gharama, utakuta ya zamani ina mikunjo mingi imebanana na mpya imeachana achana kama meno ya mzee. Karatasi ikiwa ndogo inajaa vumbi mapema, na mikunjo iliyoachana inalegea.

Kwa sponji, livute kidogo kwa pande mbili. Liwe linanyumbulika na kurudi, na vitundu viwe vidogo vya kulingana. Ya tabaka mbili, nje vitundu vikubwa na ndani vidogo, ukiipata chukua. Na naomba sana, sponji la godoro sio ea klina. Najua mafundi wanakata, nimeona sana, kipande cha godoro kinavishwa kwenye fremu na dereva anaambiwa "hii ni ileile tu". Godoro halijatengenezwa kukutana na petroli na oili, linalegea, linabomoka vipande vidogo, na vile vipande vinaenda wapi? Vinaenda kwenye kabreta. Nimewahi kutoa kipande cha sponji la njano kwenye kabreta ya mtu kwa kutumia kibano cha nyusi cha shemeji yangu.

HATUA YA 3: KUFUNGUA

Kabla hujafungua kitu, futa pikipiki. Hii hatua kila mtu anairuka. Ukifungua kava lenye vumbi la wiki nzima lile vumbi linadondokea ndani ya boksi, tena upande wa kuelekea kabreta, umefanya kazi ya kinyume. Chukua kitambaa chenye maji, futa kava la pembeni, chini ya siti, na kingo zote za boksi. Usipige maji ya presha. Na usifanyie barabarani malori yanapopita, ingia nyuma ya nyumba.

Toa kava, kisha skrubu za boksi, kawaida ni za bisibisi ya nyota au boliti ndogo za spana namba 8, ziweke kwenye kifuniko cha chupa zisipotee maana boksi lililokosa skrubu moja linavuja kwenye kona ile. Toa ea klina taratibu bila kuikung'uta ndani. Ikishatoka, ziba tundu linaloenda kwenye kabreta kwa kitambaa safi. Safi, nimesema, sio lile tambara la kufutia cheni.

Sasa kabla hujatupa jicho kwenye ea klina yenyewe, chukua kitambaa cheupe, kizungushe kwenye kidole, ingiza kwenye ule upande wa ndani, upande ambao hewa imeshachujwa, futa ukuta wa bomba. Mimi naita mtihani wa kidole. Kikitoka cheupe au kina unyevunyevu wa oili tu, ea klina yako inafanya kazi hata kama kwa nje ina uchafu wa kutisha. Kikitoka na vumbi jekundu, kuna sehemu inapita, na usifunge mpaka uijue ni wapi. Huu mtihani wa sekunde kumi unakuambia hali ya injini kuliko fundi anayesikiliza kwa sikio.

HATUA YA 4: KUOSHA SPONJI

Litoe kwenye fremu taratibu, lisichanike. Weka mafuta ya taa kwenye kibeseni, litumbukize, likamue kwa kulibana kati ya viganja viwili. Usilisokote kama unafua jinzi, ukisokota unachana vitundu na gundi ya mshono inaachia. Mafuta yakichafuka mwaga, weka mengine, mpaka yatoke safi. Halafu osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kuondoa yale mafuta ya taa, suuza, kamua kwa kubana tena. Kama huna mafuta ya taa, maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo vinatosha, itachukua muda tu. Petroli usitumie, inakula gundi na inalegeza sponji, mbali na kwamba kuna jamaa anavuta sigara pembeni hapo kijiweni.

Lianike kivulini, likauke kabisa. Sio juu ya bati saa saba mchana. Na sio kulifunga bichi kwa sababu abiria anasubiri, maji yakibaki ndani oili haishiki.

Likishakauka ndio oili. Ukipata oili maalumu ya ea klina za sponji vizuri, usipoipata tumia oili ya gia ya 80/90, ikishindikana oili mpya ya injini. Nimesema mpya. Oili chafu uliyomwaga kwenye injini ina vyuma na masizi, unaenda kupaka uchafu kwenye kitu cha kuzuia uchafu. Weka sponji ndani ya mfuko wa plastiki usio na matundu, mimina oili vijiko vitatu vinne vya chakula kulingana na ukubwa, funga mdomo wa mfuko, halafu kanda kama unakanda unga wa chapati, kanda, geuza, kanda, mpaka rangi iwe moja kote. Ukiona madoa meupe au makavu bado. Litoe, libane tena kwa nguvu oili ya ziada itoke. Ukiligusa linatakiwa liachie unyevu kwenye kidole lakini lisidondoshe tone. Likidondosha, ile oili itavutwa kwenda kwenye kabreta, chombo kitapiga misi na kutoa moshi na wewe utaanza kulaumu plagi.

HATUA YA 5: KARATASI

Hapa ndio kwenye stori yangu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na pikipiki ya mkataba, yaani unamlipa tajiri mwenye chombo hesabu mpaka kiwe chako, ea klina ya karatasi, na nilikuwa nabana hela nimalize mkataba mapema. Ea klina ilikuwa elfu nane. Nikaona elfu nane ya nini, nikaiosha kwa sabuni ya unga kwenye ndoo, nikaianika juu ya bati, ikatoka nyeupe kama mpya na nikamwonyesha mwenzangu kijiweni kwa majivuno kabisa. Nikafunga. Chombo kikawa chepesi, kinapanda na magunia mawili bila kulalamika. Baada ya miezi miwili naambiwa na abiria "wewe pikipiki yako inatoa moshi wa bluu", naangalia oili, kijiti kikavu. Kufungua, silinda ina michirizi ya kusimama unaihisi kwa ukucha, ringi zimekonda. Ea klina kuiangalia vizuri, mikunjo imeachia gundi upande mmoja, kuna pengo la kupitisha njiti ya kiberiti. Bloku, pistoni, ringi na ufundi ikafika laki na themanini, na tajiri hakutaka kusikia habari ya kugawana, ikakatwa kwangu yote na siku nne chombo kilizokaa gereji hesabu iliendelea kuhesabiwa.

Kwahiyo karatasi haioshwi. Karatasi ikilowa nyuzi zake zinavimba na zikikauka hazirudi zilivyokuwa, gundi inachoka.

Unachofanya ni kuishika kwa kingo, upande mchafu ukiangalia chini, unaigonga taratibu kwenye kiganja au kwenye mpira wa tairi, vumbi linadondoka. Usiigonge kwenye sakafu ya sementi kama mtu anayekung'uta kiatu, inapinda fremu. Kama una kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, yaani kinyume na njia ya hewa, presha ndogo, isizidi PSI 30 (kipimo cha upepo, kilekile cha tairi), na mdomo wa bomba ukae mbali kama urefu wa kiganja. Wale jamaa wa kujaza upepo tairi za malori kompresa yao iko PSI mia na kitu, wakikupulizia karibu karibu wanatoboa vitundu ambavyo kwa macho huvioni ila tochi inaviona. Kwahiyo ukishapuliza, tochi tena, kama ulivyofanya dukani.

Na usipulize kila siku. Karatasi ikiwa na vumbi kidogo juu yake inachuja vizuri kuliko mpya kabisa, lile vumbi la juu linasaidia kukamata lingine. Iache ifanye kazi. Mimi nikishaipuliza mara mbili, tatu kwa kuibembeleza, natupa, nanunua.

HATUA YA 6: BOKSI, MPIRA NA KALE KABOMBA KA CHINI

Futa boksi ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha kikavu. Chini ya boksi pikipiki nyingi zina kabomba kadogo kenye kizibo, kazi yake ni kukusanya maji na oili inayorudi kutoka kwenye pumzi ya injini. Chomoa kizibo, acha vitoke, rudisha kizibo. Wengi wamekitupa kizibo hicho wakidhani hakina kazi, na sasa boksi lao linavuta vumbi la tairi ya nyuma kwa chini. Kama kilishapotea tafuta kingine hata cha kuchonga, kibane.

Halafu fuata bomba la mpira kutoka kwenye boksi mpaka kwenye kabreta. Hili ndilo linalosahaulika, na hewa inayoingia hapa haichujwi na chochote. Lipinde kwa vidole uone kama lina nyufa, jua la Dodoma linachana mpira. Klampu zake zikaze, zisiwe za waya wa kufungia nyasi. Kama limepasuka badilisha, usizungushie gundi ya karatasi wala mpira wa manati, petroli italegeza na wewe umeshajiamini.

HATUA YA 7: KUFUNGA

Paka grisi nyembamba sana kwenye kingo ya boksi ambapo ea klina inakaa. Weka ea klina, ibane kama kawaida, halafu itoe tena. Angalia mpira wake, alama ya grisi inatakiwa izunguke kote bila kukatika. Ikikatika sehemu, hapo ndipo inavuja, labda boksi limepinda, labda kuna jiwe dogo, labda ea klina sio saizi yake. Ukishapata duara kamili, toa kile kitambaa ulichozibia tundu la kabreta, rudisha ea klina, kaza skrubu zote kwa kuzungukia, usikaze moja mpaka mwisho ndio uhamie nyingine. Usikaze kwa hasira, ni plastiki.

Washa, acha sailensa (mngurumo wa injini bila kuvuta mafuta) itulie, endesha kidogo. Kama ulikuwa umefungulia hewa kwenye kabreta kwa sababu ea klina ilikuwa imeziba, sasa itabidi uirudishe. Watu wengi wanachezea kabreta miezi mitatu kumbe tatizo ni sponji lenye matope.

NI BAADA YA MUDA GANI

Kitabu cha pikipiki kina kilomita zake na ni nzuri kwa mtu wa lami. Kwa huku kwetu kiangazi, sponji naosha kila wiki, na siku ambazo nimefuata malori ya mahindi kutwa nzima nalikagua jioni. Karatasi naifungua kila ninapomwaga oili, iwe imechafuka isichafuke, unaunganisha kazi hizo mbili huwezi kusahau. Masika nafungua kwa ajili ya maji zaidi. Ukivuka korongo maji yakafika kwenye siti, usipige kiki wala stata, fungua boksi kwanza, karatasi iliyolowa ni ya kutupa.

Kama huna kumbukumbu ya kilomita kwa sababu mita ilikufa zamani (najua, ya kwangu pia), angalia plagi. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu kama mkaa, na chombo hakivuti mlimani, na kwa mafuta yaleyale sasa hufiki ulipokuwa unafika, ea klina imeziba au kabreta inamwaga. Kujua ni ipi, nenda sehemu isiyo na vumbi, simama, toa ea klina, vuta mafuta kidogo chombo kikiwa kimesimama. Kikichanganya haraka kuliko mwanzo umepata jibu. Irudishe, usiondoke nayo mkononi.

KUHUSU KUITOA KABISA

Kuna wanaoitoa wakisema chombo kinakuwa na nguvu. Kabreta imepangwa kiwandani na upinzani wa ea klina na boksi lake, jeti zake, vile vitundu vya kupitishia mafuta, zimechaguliwa kwa hewa hiyo. Ukitoa, au ukifunga ile ya pamba bila boksi, hewa inakuwa nyingi kuliko mafuta, injini inachemka, inapiga bunduki kwenye ekzosi ukiachia mafuta, na dereva anafurahia ile sauti. Ili iende sawa ubadilishe jeti, kazi ya fundi anayejua, na bado mchanga unabaki palepale. Kwa pikipiki ya kuonyesha jumapili sawa. Kwa ya kubeba gunia la kilo mia kutoka bondeni, hapana.

Jambo la mwisho ni wale vijana wa kuosha pikipiki kwa mashine ya presha. Waambie kabla hawajawasha, wasielekeze bomba chini ya siti wala pembeni ya kava. Mimi nafunga mfuko wa plastiki mdomoni mwa boksi pale hewa inapoingilia, nakaa hapo hapo mpaka wamalize, halafu nautoa mwenyewe, kwa sababu kuna siku niliusahau nikapiga kiki dakika ishirini nikaenda mpaka kwa fundi wa umeme.